Sifuri, Nane, Sifuri, Saba

Nilijifunza kusoma bili ya umeme kwa sababu mama yangu alikuwa anaiogopa. Ikiletwa aliipokea kwa ncha za vidole, akaisukuma chini ya redio, akasema ataitazama akipata nguvu. Nguvu hazikupatikana. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, mimi nilikuwa nimekomea kidato cha pili, na kaka zangu wawili walikuwa Dar es Salaam, wakituandikia barua za pole. Siku moja mafundi wa ofisi ya umeme walikuja na ngazi, wakakata waya, wakaondoka. Tulikaa gizani siku tisa kwa deni ambalo mama angeweza kulilipa siku ya kwanza kama angejua ni kiasi gani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilizitoa zile karatasi zote chini ya redio, nikazipanga mkekani mwezi kwa mwezi, nikajiapiza kwamba hakuna karatasi itakayotushinda tena.

Mwalimu sikuwa naye. Nilikaa na bili saba, penseli na jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari. Jambo la kwanza nililoligundua lilinishangaza kwa urahisi wake: mita haijui mwezi. Inahesabu tu tangu siku ilipofungwa ukutani, haipumziki wala haianzi upya. Mwezi ni kitu cha msoma mita. Anakuja, anaandika kipimo cha leo, ofisini wanatoa kipimo cha mara iliyopita, na kinachobaki ndizo yuniti ulizotumia. Lakini yuniti hizo hazizidishwi kwa bei moja. Za mwanzo zina bei nafuu, za juu yake zina bei kali, kwa hiyo anayetumia mara mbili halipi mara mbili, analipa zaidi. Kisha wanaongeza ada ya huduma, ambayo utalipa hata ukilala gizani mwezi mzima, na kodi juu ya vyote.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kilikuwa herufi ndogo pembeni ya kipimo. Ilikuwapo kwenye bili mbili kati ya saba. Nilihangaika nayo wiki mbili, nikiamini ni kosa la kalamu, mpaka nilipomwuliza msoma mita mwenyewe, mzee mmoja mnene aliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma na ambaye hakuwahi kuacha kulalamikia milima yetu.

"Hiyo ni makadirio, binti," alisema. "Mwezi huo sikufika. Pikipiki haikuwa na mafuta, au nilikuwa na homa, au mbwa wa jirani yenu. Wanakukisia kwa matumizi ya nyuma. Nikifika mwezi unaofuata ukweli unajisahihisha."

"Kama walikisia kidogo?"

"Utalipa kilichobaki, chote kwa mkupuo."

Nililibeba neno hilo, mkupuo, kwa miezi. Mimi ni mtu wa kubeba maneno ya namna hiyo. Nikiwa nimelala nilikuwa nafikiria yuniti ambazo hazijaandikwa, zinakusanyika mahali fulani zikitusubiri.

Tulikuwa tunaishi Ujiji, kwenye nyumba ya baba, yenye vyumba viwili vya uani tulivyopangisha. Miaka ile mji ulikuwa umejaa watu. Wakimbizi waliingia kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa mitumbwi kupitia Kagunga, na malori ya mashirika yaliwapeleka kambini. Nyumba nzuri zenye vigae zilichukuliwa na wageni wa mashirika kwa kodi ambazo wazee wetu walizitaja kwa kunong'ona. Sisi wenye mabati tulipata wapangaji wa aina nyingine. Chumba kimoja cha uani mama alikifanya stoo. Cha pili alimpa mwanamke wa Kirundi, fundi cherehani.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kuongea akitazama kitambaa badala ya uso wako. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali cha majuma kadhaa ili ashone sare za shule kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa Mwanga, hapo mjini Kigoma. Kibali kiliisha, sare hazikuisha, naye akabaki. Mama alijua. Mtaa mzima ulijua kwa namna ambayo watu hujua jambo na kuamua kutolitaja. Alikuwa hapigi kelele, alilipa kodi mapema, na Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu akiimba polepole. Mama, ambaye hakuwahi kukosa swala, alisema, "Heri Mkristo huyu kuliko Waislamu wawili niliowahi kuwapangisha."

Kwa sababu ya pasi yake ya umeme tulinunua mita ndogo. Hiyo haikuwa ya ofisi. Ilikuwa yetu, ya kugawana bili kwa haki, na wazo lilikuwa langu. Fundi umeme aliifunga ndani ya chumba cha mpangaji, juu kabisa, kwenye pembe iliyo juu ya kitanda, kwa kuwa ndiko waya ulikopita. Mimi nikatengeneza daftari. Nilipiga mistari kwa rula, nikaandika kwa wino, na nikajiwekea sheria kwamba hakutakuwa na mfuto hata mmoja. Nilikuwa nakokotoa sehemu yake ya bei nafuu na sehemu yetu, ada ya huduma nusu kwa nusu, kodi kwa uwiano. Hesabu ambayo mtu mwingine angeimaliza kwa kukisia mimi niliifanya mara tatu.

Kwetu mtu mwenye adabu haingii chumba cha kulala cha mpangaji, hata akiwa mwenye nyumba. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilisimama nje ya pazia na daftari langu. Yeye alipanda juu ya kigoda, akasoma namba moja moja kwa sauti, nami nikaandika. Sifuri, mbili, mbili, nane. Sifuri, mbili, saba, moja. Sifuri, tatu, sita, mbili. Alikuwa anatumia yuniti arobaini na kitu kwa mwezi, pasi na taa moja, na mwezi mmoja alipokuwa na sare nyingi akagusa tisini. Kila kitu kilikuwa kinakaa mahali pake.

Mwezi uliofuata nilisimama nje ya pazia kama kawaida. Alisoma. Niliandika: sifuri, nane, sifuri, saba.

Nilitoa palepale, nikiwa bado nimesimama. Mia nane na saba, toa mia tatu sitini na mbili. Mia nne arobaini na tano.

"Dada," nilimwita, "una uhakika?"

"Ndiyo, nimesoma." Kigoda kiligonga sakafu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema, nikaondoka. Hadi leo sielewi kwa nini sikumwambia asome tena. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshaandika kwa wino.

Bili ya nyumba nzima ilipofika ilionyesha yuniti mia moja na kumi na nane, za mita kubwa, yaani zetu na zake pamoja. Mtu yeyote mwenye akili tulivu angeona kwamba sehemu haiwezi kuzidi jumla. Mimi nilitazama pembeni, nikaiona ile herufi ndogo. Makadirio. Msoma mita hakufika mwezi ule. Basi nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa: mpangaji ametumia mia nne, ofisi haijui bado, na mwezi ujao mzee wa Dodoma akifika, ukweli utajisahihisha kwa mkupuo, kwa bei kali, juu ya kichwa cha mama. Ujuzi wangu wote nilioupata mkekani ulitumika kulitetea kosa. Kama ningekuwa mjinga ningelipuuza.

Siku nne sikula vizuri. Ya tano nilimwambia mama. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Mia nne? Za pasi?"

"Ndivyo mita inavyosema."

Alisimama, akaenda uani akiwa na ungo mkononi. "Wewe fundi! Hebu nitokee. Humo ndani unashona nguo au unachomelea mageti?"

Mpangaji alitoka na sindano midomoni, akazitoa moja moja kabla ya kujibu. "Mama, sijaelewa."

"Umeme. Umekula umeme wa mwezi huu kama mashine ya kusaga. Binti yangu ameandika."

"Mimi ni pasi tu, Mama. Na taa. Mwezi huu hata sare zilipungua."

"Binti yangu hakosei hesabu," mama alisema. Aliusema ule msemo kwa fahari, mbele ya mtu, kwa mara ya kwanza tangu niache shule. Nilisimama nyuma yake na daftari kifuani, nami nakiri kwamba nilifurahi.

Walikubaliana alipe sehemu kabla, ili mkupuo ukija usitukute mikono mitupu. Alilipa. Kisha akachomoa pasi ya umeme, akaazima pasi ya mkaa kwa jirani, na kuanzia siku hiyo taa yake ikawa inazimwa mara tu baada ya kula. Pasi ya mkaa ilimwaga cheche kwenye sketi moja ya bluu, ikatoboka, na yule mfanyabiashara wa Mwanga akamkata malipo. Nilimwona akiigeuzageuza sketi ile mwangani, akitafuta namna ya kulificha tundu kwenye kukunja. Hapakuwa na namna. Niliona huruma, lakini huruma yangu ilikuwa ya mtu aliye upande wenye haki, na huruma hiyo haina gharama.

Mwisho wa mwezi uliangukia Jumamosi. Yeye alikuwa amekwenda kwenye mazoezi ya kwaya, na pazia lilikuwa linapepea mlangoni. Nilikuwa nimechoka na wasiwasi wangu mwenyewe. Nikaingia. Nilivua kandambili, nikapanda kwenye kigoda chake kando ya kitanda kilichotandikwa bila kunyanzi, na kwa mara ya kwanza nikaisoma mita ile kwa macho yangu.

Sifuri, nne, moja, moja.

Nilishuka, nikapanda tena. Sifuri, nne, moja, moja. Mwezi uliopita ilikuwa mia nane na saba, leo mia nne na kumi na moja. Mita inakwenda mbele tu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza mkekani. Ikirudi nyuma, kuna mkono wa mtu.

Nilimwambia mama kwamba mita imerudishwa nyuma.

Mama hakupiga kelele safari hii, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni. "Kuongeza ni jambo moja," alisema. "Huenda mtu hajui anatumia nini. Lakini kurudisha nyuma ni wizi. Ofisi wakikuta mita inachezewa kwenye nyumba hii, wanayemkamata ni mimi, si yeye." "Jumatatu nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

Sote wawili tulijua maana yake. Mwenyekiti asingeuliza kuhusu umeme kwanza. Angeuliza karatasi. Karatasi ilikuwa imeisha zamani, na mtu asiye na karatasi alipandishwa lori akarudishwa kambini, mara nyingi siku hiyohiyo, na kilichobaki chumbani kilikuwa cha atakayekiwahi.

Mpangaji alipotoka kwaya, mama alimwambia mwenyewe, usoni, maana mama hakuwa mtu wa kuuma na kupuliza. Mpangaji alisikiliza akiwa bado na Biblia kwapani.

"Oya, Mama," alisema. Halafu kwa Kiswahili, "Hapana. Mimi ningefikaje kuirudisha? Ningeifungua na nini, na mkasi?"

"Sijui. Ninyi mafundi mnajua vitu."

"Mimi ni fundi wa nguo."

Jumapili hakwenda kanisani. Alikaa mlangoni pake mchana kutwa akimalizia vifungo, akinyanyua kichwa kila geti lilipolia. Mimi nilijifungia na daftari. Nilikuwa natafuta njia ambayo hesabu ingeweza kuwa tofauti, na kila nilipoirudia ilitoka vilevile, tena safi, bila mfuto.

Jumatatu asubuhi mama alikuwa ameshavaa baibui alipoingia msoma mita. Alikuwa na tochi, kadi zake, na jasho tangu asubuhi.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mhasibu. Bado hujaja kuninyang'anya kazi?" Alielekea kwenye mita kubwa barazani, akaandika, akalinganisha na kadi. "Haya. Nyumba hii kwa miezi miwili mmetumia mia na tisini. Mwezi ule tuliwakisia mia na kumi na nane, kwa hiyo mwezi huu mnabaki na sabini na mbili tu. Mmefunga friji au mmeacha kuishi?"

Niliona ile namba na sikuielewa. "Miezi miwili? Mia na tisini?"

"Ndivyo inavyosema."

"Lakini mpangaji peke yake ametumia mia nne na arobaini na tano."

Alinitazama juu ya miwani. "Binti, maji hayawezi kutoka mengi kwenye bomba la chooni kuliko yaliyoingia mtaani. Hizo mia nne zako zilipitia wapi? Dirishani?"

Mama alisimama katikati ya baraza na mkoba wake. "Mita ya ndani imerudishwa nyuma," alisema. "Hata ya kwako labda imechezewa."

"Ya kwangu ina lakiri, mama. Lakiri haijaguswa. Hebu nikaione hiyo ndogo."

Tulikwenda uani, watu watatu. Mpangaji alitoka, akamwamkia mzee, na mzee, aliyekuwa na adabu zake, akasimama nje ya pazia kama nilivyokuwa nikisimama mimi. "Mama, tusomee tafadhali," alisema, akaandaa kalamu.

Nilisikia kigoda. Nilisikia sauti yake, imekauka, haina haraka. Mzee akaandika. Kisha akanionyesha kiganja chake alichokuwa ameandikia.

Sifuri, nane, moja, moja.

"Mia nane na kumi na moja," alisema, akitazama daftari langu. "Mwezi uliopita mia nane na saba. Imeongezeka nne. Haijarudi popote. Sasa kelele ya nini?"

"Si kweli," nikasema. "Ni mia nne na kumi na moja. Nimeiona kwa macho yangu."

"Umeiona lini?"

Pazia lilisogea. Mpangaji alikuwa bado juu ya kigoda, kichwa chake karibu na mabati, akinitazama. Mara hiyo alinitazama usoni.

"Jumamosi," nilisema. "Niliingia. Hukuwepo."

Mzee wa mita alikohoa, akaomba ruhusa, akaingia, naye mpangaji akashuka kumpisha. Alimulika tochi. "Nne," alisema. "Ni nne hii. Mama, mbona umesema nane?"

"Sijasema nane. Nimesema kane."

"Nane."

"Kane." Akainua mkono, vidole vinne, kidole gumba kimekunjwa. "Rimwe, kabiri, gatatu, kane."

Nilihesabu naye bila kutoa sauti, kwa maana nilikuwa naujua ule wimbo. Niliusikia tangu utotoni sokoni, akina mama wa Kiha, ambao lugha yao ni ndugu ya Kirundi, wakihesabu mafungu ya dagaa na mihogo. Nilikuwa naujua kama mtu anavyojua kelele ya soko. Sisi wa Ujiji tunajivunia Kiswahili chetu. Tunasema tunakioga na kukinywa. Haikunijia kwamba kuna mtu anayeweza kusimama kwenye kigoda katika nyumba yetu akasema ukweli kwa lugha nyingine na mimi nikamsikia vibaya.

"Namba zote unasoma kwa Kiswahili," nilisema. Bado nilikuwa nagombana, Mungu anisamehe. "Kwa nini hiyo tu?"

Alikunja vidole vyake polepole. "Nne yenu inanishinda. Ulimi haukai. Nilisema nene, ukanicheka. Wakati ule nilipokuja, nilikwambia nataka vifungo nene. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Uliwaita na wenzako waje wanisikie."

Nilikuwa nimesahau. Sasa nilikumbuka, pamoja na majina niliyowaita wale wenzangu na namna nilivyomfundisha, nikimrudisha rudisha kama mtoto: siyo nene, sema nne, nne, funga mdomo kwanza. Nilidhani namsaidia. Sikutaka watu wakisikie Kiswahili kibovu uani kwetu.

Mzee wa mita alikusanya kadi zake. Alimwambia mama kwamba bili itakuja ndogo, na kama tulilipa zaidi tutafute namna ya kuelewana. Kisha akaondoka upesi, kama mtu aliyeingia msibani kwa bahati mbaya.

Mama alivua baibui pale pale uani. "Basi, mwanangu," alimwambia mpangaji. "Yameisha. Ni huyu mtoto na masikio yake. Nisamehe mimi. Chomeka pasi yako."

Mpangaji aliitikia kwa kichwa, akakubali msamaha. Nilidhani ni mwisho. Lakini jioni, mama alipompelekea sahani ya wali, alimkuta anakunja vitambaa na kuviweka ndani ya gunia.

"Unakwenda wapi?"

"Simbo, Mama. Kuna mwenzangu ana chumba. Hakina umeme, lakini kina mlango."

"Nimekwambia yameisha."

"Ndiyo, yameisha." Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. "Leo ilikuwa mita. Siku kuku wako akipotea? Ukiweka hela ukasahau ulipoiweka? Utavaa baibui tena. Wewe ni mtu mwema, Mama, lakini njia ya kwenda kwa mwenyekiti umeshaijua."

Mama alisimama na ile sahani mpaka wali ukapoa.

Aliondoka Jumatano, cherehani lake limefungwa shuka nyuma ya baiskeli ya kukodi. Nilimrudishia ile sehemu aliyolipa kabla. Aliihesabu mbele yangu, akasema imetimia. Niliomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, marefu, yenye mpangilio, na yeye aliyasikiliza yote mpaka mwisho akiwa ameshika usukani wa baiskeli, na nilipomaliza akasema, "Haya, ubaki salama." Hapo nikajua nilikuwa nimemchelewesha tu.

Bili ilipofika niliikokotoa. Kwenye makadirio ya mwezi ule wa nyuma nyumba nzima ilikuwa imelipishwa yuniti zisizokuwapo, na sehemu yake ya zile yuniti ilikuwa haki yake. Niliihesabu mara tatu, kisha nikaongeza juu yake nusu nzima ya kiasi hicho kutoka kwenye akiba yangu, kwa ajili ya sketi ya bluu na kwa ajili yangu mwenyewe. Nikaenda Simbo kwa miguu, jua likiwa kali, nikauliza nyumba ya fundi cherehani mpaka nikaipata.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na futi shingoni. Aliniangalia kuanzia miguuni. "Wa Ujiji wewe?"

"Ndiyo. Namtafuta mwenzako aliyekuja Jumatano."

"Hakufika. Walimshusha kizuizini. Askari walimwuliza kibali, hana. Kwenu alikaa mwaka mzima haguswi, siku aliyotoka tu njiani, basi." Alilivuta lile futi shingoni. "Cherehani walimwachia. Alipanda nalo kwenye lori."

Nilirudi na ile bahasha. Mama aliposikia alikwenda kuswali, na akakaa mswalani muda mrefu kuliko swala ilivyo.

Ilichukua wiki tano kupata mtu wa kupeleka pesa kambini, mwanamke aliyekuwa akichuuza dagaa huko. Nilimpa bahasha na kikaratasi cha hesabu yote: kipimo cha nyuma, kipimo cha sasa, sehemu yake, kodi yake. Aliporudi nilimkuta sokoni kabla hajatua mzigo.

"Umempata?"

"Nimempata. Ana kibanda karibu na soko lao, anashona. Mzima."

"Alisemaje?"

"Alisoma karatasi yako, akatoa kalamu, akahesabu na yeye. Halafu akanipa hii nikurudishie." Alichomoa fundo kwenye kanga. "Kasema hii iliyozidi si yake."

Ilikuwa ile nusu niliyoongeza, kamili, bila kupungua shilingi. Nilimwuliza kama kulikuwa na neno jingine. Yule mwanamke alinitazama kwa uchovu wa mtu aliyesafiri siku nzima juu ya magunia.

"Neno gani, mwanangu? Kasema amepata. Nisogelee huku basi, nishikie mzigo huu, mgongo umeniisha."

Nikamshushia mzigo.